Tunzo ya Msikilizaji wa Mbali

Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay ili sauti yake itiwe katika sahani za santuri. Leo ndugu zetu walioko Maskati na London waweza, kwa njia ya intaneti, kuitazama taarabu ya Unguja saa ile ile inapopigwa. Jambo hili twalifurahia.

Lakini taarabu si kusikiliza tu. Ada yake ni kutunza. Aliyeguswa na ubeti huinuka, akaenda kwa madaha hadi mbele, akamkabidhi mwimbaji noti yake. Aliye ng'ambo huguswa vile vile, ila mkono wake haufiki jukwaani.

Twaiomba Serikali ishauriane na vikundi vyetu, kikiwemo Nadi Ikhwan Safaa kilichoanza mwaka 1905, ili pawepo njia nyepesi na ya uaminifu ya kuzipokea tunzo hizo, na kila senti imfikie mpigaji na mwimbaji.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sisi twaongeza: mgema asiyelipwa huuacha mnazi.