Kabla ya kuuza shamba ili binti asomee uandishi wa habari ng'ambo



Juma lililopita, kisha kuhesabu akiba na kufunga sanduku, mama mmoja wa kikundi chetu alibaki nyuma. Alifungua ncha ya kitenge, akatoa simu na kusema: "Mwalimu, unisomee hii." Ilikuwa picha ya barua ya Kiingereza yenye mhuri mwekundu. Barua ilisema kwamba binti yake, aliyepata Diploma ya Serikali mwaka jana, amekubaliwa kusomea uandishi wa habari katika chuo kikuu cha ng'ambo. Chini yake kulikuwa na namba ya simu na ombi la dola 250 za kufungua dosye, ndani ya siku kumi. Mama alikuwa amekwisha kupata mtu wa kununua shamba lake la muhogo.

Binti huyo tulimfundisha sisi wenyewe alipokuwa shule ya msingi. Tulimwita, tukamuuliza anataka kwenda kusoma wapi.

"Ng'ambo, Mwalimu."

Ng'ambo ya wapi?

"Popote."

Tulimwambia mama asitume hata franga moja. Lakini hatukumwambia binti aache, na tunataka kueleza sababu, maana tunajua kuna nyumba nyingine hapa zenye swali hilo hilo.

Sisi watu wa Makobola hatuhitaji kufundishwa faida ya mwandishi wa habari. Tarehe 30 Desemba 1998 na siku zilizofuata tunazijua. Wengine wetu tulikuwa watoto wadogo. Simu za mkononi hazikuwepo. Dunia ilipata kusikia mambo yaliyotupata katika siku za kwanza za Januari 1999, na waliotangaza walikuwa MISNA, shirika la habari la wamisionari lililokuwa na makao yake Roma. Roma, wamama! Wamisionari wale walifanya vema na tunawashukuru. Lakini aliye Roma hawezi kujua huyu alikuwa mtoto wa nani. Wakati ule walitaja watu 500. Ripoti ya Umoja wa Mataifa inayoitwa Mapping, iliyotoka tarehe 1 Oktoba 2010, iliandika kwamba waliouawa walipita 800, katika Makobola II, Bangwe, Katuta, Mikunga na Kashekezi. Kati ya hesabu ile na hii ilipita karibu miaka 12. Bibi zetu walikuwa hapa miaka yote hiyo, na waliokuja kuwauliza ni wachache.

Kwa hiyo binti anayesema anataka kazi hiyo, hatumcheki. Tunamuuliza tu kama anajua ni kazi gani. Wengi wanafikiri ni kuonekana kwenye televisheni na nywele nzuri.

Chuoni wanafundisha namna ya kutafuta habari na kuihakikisha kwa watu zaidi ya mmoja, namna ya kuuliza mtu aliyeumia bila kumuumiza tena, sheria ya vyombo vya habari, kuandika kwa ajili ya sikio na kwa ajili ya jicho, kukata na kuunga sauti. Kuna pia somo la utamaduni wa vyombo vya habari. Jina lake ni refu lakini jambo lenyewe tunaishi nalo kila siku. Ni kwa nini picha ya maiti inazunguka katika WhatsApp kabla mke wa marehemu hajajua? Ni kwa nini katika redio wanaume wanaongea juu ya wanawake, na wanawake wenyewe hawasikiki? Shule yetu iliwahi kubaki tupu asubuhi moja kwa sababu ya ujumbe wa sauti uliosema kwamba watu wenye silaha wanashuka kutoka milimani. Wazazi walikimbia na watoto upande wa Uvira, mama mmoja akiwa na siku tatu tu tangu ajifungue. Hakuna aliyeshuka. Ujumbe ule ulikuwa wa zamani, wa pahali pengine. Mtu aliyesomea kazi hii angeuliza kwanza: nani amesema, lini, na alikuwa wapi?

Sasa tuje kwa hiyo ng'ambo. Wanawake wawili wa jimbo letu la Kivu Kusini wanajulikana duniani kwa kazi hii, na njia zao zinatufundisha kitu.

Wa kwanza ni Chouchou Namegabe. Kazi aliijifunza akiwa kazini, ndani ya Radio Maendeleo ya Bukavu. Mwaka 2003 alianzisha pamoja na wenzake shirika la wanawake wa vyombo vya habari la Kivu Kusini, AFEM. Walikwenda vijijini na mashine ya kurekodi, wakasikiliza wanawake waliotendewa ukatili wa vita. Shida ya kwanza haikuwa franga. Ilikuwa neno. Katika Kiswahili chetu jambo lile halikuwa na jina ambalo mtu angeweza kulitamka redioni bila aibu, na yeye ameeleza kwamba waliazima neno kutoka Tanzania: ubakaji. Leo hata watoto wa shule wanalijua. Mwaka 2009 aliongea mbele ya Seneti ya Marekani, na mwaka huo huo akapewa tuzo ya kimataifa ya uandishi wa habari ya Knight.

Wa pili ni Caddy Adzuba wa Radio Okapi, redio iliyoanza tarehe 25 Februari 2002 na ambayo wengi wetu tunaisikiliza. Yeye alisomea sheria, na alisomea hapa hapa jimboni, katika Chuo Kikuu cha Serikali cha Bukavu. Mwaka 2014 Hispania ilimpa tuzo ya Prince of Asturias.

Hatusemi kwamba masomo ya ng'ambo hayana maana. Tunasema hakuna hata mmoja kati ya hawa wawili aliyengoja ndege ili aanze.

Na vyuo vya ng'ambo vyenyewe vinalijua jambo hilo. Mfano ni Ujerumani, mjini Bonn, ambako redio ya Deutsche Welle ina akademia yenye masomo ya juu ya vyombo vya habari. Mwombaji anatakiwa awe amekwisha kupata shahada, na awe amefanya kazi ya habari walau mwaka mmoja. Ufaransa kuna shule ya Lille, ESJ, iliyoanzishwa mwaka 1924. Pale mtu anaingia kwa kushinda mtihani. Binti mwenye Diploma ya Serikali tu, asiyewahi kushika kinasa sauti, milango hiyo bado haijafika zamu yake.

Ng'ambo ya karibu ni nyingine. Dar es Salaam kuna shule ya uandishi wa habari ndani ya Chuo Kikuu, SJMC, yenye mizizi katika chuo kilichoanzishwa mwaka 1975. Rwanda pia kuna shule ya namna hiyo katika Chuo Kikuu cha Rwanda. Wamama wengi wanafikiri kwamba Dar binti atasoma kwa Kiswahili kwa sababu Watanzania wanaongea Kiswahili. Sivyo. Darasani ni Kiingereza, na Rwanda vilevile. Binti wetu amesoma kwa Kifaransa tangu darasani kwetu. Akifika pale bila Kiingereza atakaa mwaka mzima akinakili asichoelewa, na minervali imekwisha kulipwa. Bujumbura ni karibu zaidi, na Kifaransa kinamsaidia. Na ndani ya nchi yetu kuna Kinshasa, kwenye chuo ambacho wengi bado wanakiita IFASIC, kilichozaliwa na ISTI ya mwaka 1973. Kwa watu wa Makobola, Kinshasa yenyewe ni ng'ambo!

Kuna pia makaratasi. Kwa Tanzania, diploma yetu inapelekwa NECTA ili walinganishe na mitihani yao, na mwanafunzi mgeni anahitaji kibali cha kuishi cha daraja C. Orodha ya vyuo vinavyotambuliwa inatolewa na tume yao, TCU. Chuo kisichokuwa katika orodha hiyo, tusikitumie hata franga ya karatasi. Na chuo cha kweli kinapokea malipo katika akaunti ya benki yenye jina la chuo, hakipokei katika simu ya mtu. Wenye ndugu Nyarugusu au kambi nyingine wawaambie juu ya DAFI, msaada wa masomo wa UNHCR unaolipwa hasa na Ujerumani tangu mwaka 1992. Huo ni wa wakimbizi, na kwa kawaida mtu anasoma katika nchi iliyompokea.

Turudi kwa mama wetu. Tulimpigia simu mwenye namba ile tukiwa pamoja, spika wazi. Tuliuliza jina la chuo mara tatu, akataja majina mawili tofauti. Kisha akakata. Mama alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema: "Kumbe nilikuwa ninauza muhogo kwa ajili ya mtu huyu." Mnunuzi wa shamba ameambiwa angoje, na tunafikiri atangoja sana.

Binti alilia siku mbili. Sisi tuliosomea ualimu ISP hatuna la kumfundisha juu ya redio, lakini tulimwandikia barua ya kumpeleka kwenye redio moja ya jamii akaombe staji. Walimwambia arudi na kazi aliyoirekodi mwenyewe. Kikundi kimekubali kumkopesha nauli, na franga za kujifunza Kiingereza kwa miezi sita. Wamama wawili walikataa, wakisema sanduku ni kwa biashara ya ndagala na magonjwa; tuliongea hadi giza likaingia, na deni limeandikwa kwa jina la mama yake, si la binti.

Kazi ya kwanza aliyochagua ni bibi yake. Alimweka simu mbele kwenye mkeka, akamuuliza juu ya Desemba ile. Bibi aliongea Kibembe karibu saa nzima, akitaja nyumba moja baada ya nyingine kufuata barabara. Binti anaandika majina hayo katika kaye ya shule. Amefika 23, na kuna mawili ambayo bibi hana hakika nayo. Amemtuma akamuulize dada yake, Jumamosi, kisha soko.