Nyali: kaburi lililotangulia kanisa

Ukivuka kutoka kisiwa cha Mombasa kwenda Nyali, leo unakuta majumba na maduka. Mwaka 1844 ng'ambo hiyo ilikuwa mashambani, na huko ndiko alikozikwa Rosina Krapf, mke wa mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf.

Wawili hao waliingia Mombasa mwezi Mei mwaka huo. Mwezi Julai Rosina alijifungua mtoto wa kike huku homa ikimwandama. Alifariki tarehe 13, na siku chache baadaye kichanga akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa hiyo hiyo. Enzi hizo hakuna aliyejua kwamba malaria huletwa na mbu. Hilo lilithibitishwa mwishoni mwa karne ya 19.

Kwa nini asizikwe kisiwani? Rosina mwenyewe aliomba alazwe bara, katika nchi ya Wamijikenda, ili wapita njia waone kaburi lake na kukumbuka kilichowaleta.

Ukipanga tarehe, utaona jambo. Kituo cha Rabai kilianzishwa mwaka 1846, Rebmann alipokuja kuungana na Krapf. Frere Town, makazi ya waliokombolewa utumwani, ilifuata mwaka 1875, hapo hapo jirani. Kaburi lilitangulia yote.

Ndiyo maana makaburi ya zamani yanafaa kutunzwa hata mji unapoyazunguka. Jiwe likivunjwa, ushahidi wa nani alitangulia, na kwa gharama gani, unapotea nalo.