Dakika Tano za Mwizi

Ukipita mitaa ya nyuma ya Liuhua mjini Guangzhou, pale maduka ya jumla ya nguo yanapoisha na nyumba za kupanga zinapoanza, inua macho utazame juu. Utaona vizimba. Kila dirisha limevishwa kizimba cha nondo kilichochomoza nje ya ukuta, ndani yake fulana zimeanikwa, mche wa kitunguu umepandwa kwenye ndoo, na kiyoyozi kinadondosha maji. Si ghorofa ya chini tu. Ghorofa ya saba nayo ina kizimba, na ya nane pia. Mgeni hucheka: mwizi gani huyo apandaye hadi huko? Jibu liko ukutani. Bomba la maji hupanda kutoka chini hadi paa, na kizimba cha jirani wa chini ni ngazi nzuri ya kukufikia wewe. Mmoja akishaweka, wa juu yake analazimika kuweka.

Wafanyabiashara wetu wanaijua Liuhua tangu Maonyesho ya Canton yalipokuwa yakifanyika hapo, kuanzia 1974 hadi yalipohamia Pazhou moja kwa moja mwaka 2008. Bado wanapita hapo kwenda soko la Baima kwa nguo au mtaa wa Xiaobei kwa chakula cha nyumbani, na wengi hupanga chumba jirani. Katika makontena yanayokwenda Kariakoo, River Road na Kikuubo mna makufuli, vitasa, taa za sola na kamera. Kwa hiyo swali la kulinda nyumba kwa bei nafuu lina pande mbili: chumba unacholala ukiwa huku, na nyumba uliyoiacha Mbagala au Kayole.

Watu huuliza ni kufuli gani lisilovunjika. Halipo. Wachina wenyewe hawaulizi hivyo; wao huuliza dakika. Kiwango chao cha vitasa cha mwaka 2015, kinachojulikana kama GA/T 73, kimepanga vitasa kwa herufi. Kitasa cha A kinatakiwa kimshinde fundi anayekichokonoa kwa angalau dakika moja, cha B dakika tano, cha C dakika kumi. Milango ya chuma nayo ilipimwa hivyo hivyo: kiwango cha mwaka 2007 kiliipanga katika madaraja manne, wa chini kabisa ustahimili dakika sita za kupigwa na kupekechwa, wa juu kabisa thelathini. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mlango hautafunguka. Unanunua muda, na mwizi wa mchana, aliyekuja kwa sababu ameona nyumba kimya, hana muda wa kukaa mlangoni dakika tano jirani akipanda ngazi na mfuko wa mboga.

Ukishaelewa hilo, utaona pesa nyingi zinatupwa mahali pasipo pake. Nenda uswahilini kokote utazame mlango wa mbao. Kufuli ni kubwa, zito, linang'aa. Limening'inia kwenye komeo la bati jembamba lililoshikwa na skrubu nne za inchi moja, na vichwa vya skrubu vinakutazama wewe uliye nje. Mwizi hana haja ya kuligusa kufuli. Mtaimbo ukiingia nyuma ya bati, skrubu zinatoka na unga wa mbao, na kufuli linaanguka chini likiwa bado limefungwa. Dawa yake ni rahisi kuliko kufuli jipya: komeo la chuma kinene, na bolti zinazopenya ubao mzima, nati zikae ndani. Bawaba zikiwa nje, fundi wa kuchomelea azishike pini zake kwa tone moja la moto ili zisichomoke. Upande wa fremu, badilisha skrubu fupi za bati linalopokea ulimi wa kitasa uweke ndefu, zifike hadi kwenye tofali. Kufuli lenyewe chagua ambalo upinde wake hauachi nafasi ya kupitisha mtaimbo. Upinde mrefu ni wa baiskeli.

Kwa mpangaji wa Liuhua, jambo la kwanza ni silinda, ile sehemu ya kitasa inayoingia ufunguo. Hujui wapangaji wangapi wamelala humo kabla yako na nani kaondoka na nakala. Omba ruhusa kwa mwenye nyumba, ng'oa silinda kwa skrubu moja iliyo ubavuni mwa mlango, pachika mpya, na ile ya zamani iweke kabatini umrudishie siku ya kuhama. Zipo silinda zinazouzwa na funguo za aina mbili: fungu la kwanza wanapewa mafundi wa rangi na mabomba, na siku wewe unapozungusha ufunguo wa fungu la pili, wa mafundi unakufa hapo hapo. Laiti zingejaa kwetu, maana huenda anayekuibia ni mtu aliyewahi kufanya kazi humo. Ukinunua za kupeleka nyumbani, usiridhike na herufi C iliyochapwa kwenye boksi, kwani boksi huchapwa na yeyote. Dai karatasi ya majaribio ya kiwanda yenye namba ya bidhaa ile ile unayonunua.

Na ukijifungia nje usiku, usipige namba zilizobandikwa kwenye kuta za ngazi, ingawa zimejaa tele kama upele. Mafundi wa kufungua vitasa China hutakiwa kuandikishwa polisi. Piga 110 uombe aliyeandikishwa. Vivyo hivyo, karatasi ya matangazo iliyochomekwa mlangoni mwako itoe siku hiyo hiyo, au mwombe jirani aitoe ukisafiri. Ikikaa siku tatu, imeshamwambia mpita njia kwamba hakuna mtu.

Kusini-magharibi mwa Liuhua, kwenye nyumba za kale za Xiguan, upo ulinzi ninaoupenda kuliko vizimba vyote. Mlango wa nyumba hizo una tabaka tatu. Mbele kuna vibao vifupi vinavyoficha ndani ya nyumba visionekane na wapita njia. Katikati kuna tanglong, fremu ya magogo ya mviringo yaliyolala kwa mlalo, ambayo husukumwa pembeni kama droo. Nyuma yake ndipo ulipo mlango mzito wa mbao. Mchana wa joto wenyeji huacha mlango mzito wazi, hufunga magogo tu: upepo unaingia, mtu haingii, na bibi aliyeketi ndani anaona kila anayepita kichochoroni. Nyumba zetu za pwani zilifanya hesabu hiyo kwa njia yake, kwa baraza la mawe nje ya mlango, ambapo hakosekani mzee wa kuuliza, "Unamtafuta nani, mwanangu?" Swali hilo halina gharama na hakuna mwizi anayelipenda. Nyumba Kumi ya Kenya na ulinzi shirikishi wa Tanzania vimejengwa juu ya swali hilo hilo, na vinapokufa mtaani huwa ni kwa sababu watu wameacha kuuliza.

Kamera ni jicho la bei rahisi, ila lina masharti. Isiyo na mtu wa kuitazama hukuletea filamu ya wizi wako. Iweke juu pasipofikika, ielekee uso wa anayeingia, si paa la kichwa chake, na badilisha nenosiri la kiwandani kabla hujaifunga. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kilizitwaa kamera na vifaa vingine vya nyumbani kwa maelfu duniani kwa kujaribu tu nywila hizo za kiwandani, na vikatumika kuangusha tovuti kubwa. Kama bajeti yako inatosha kitu kimoja, nunua kwanza taa ya sola yenye kuhisi mwendo uiweke uani.

Limebaki la grili, na hapa siwezi kuwa mpole. Kizimba kisicho na mlango ni mtego. Machi 2001, katika shule ya Kyanguli huko Machakos, wanafunzi 67 waliteketea kwenye bweni lenye nondo madirishani, mmoja wa milango yake ukiwa umefungwa. Zimamoto wa China nao husisitiza kwamba kizimba cha dirisha kiwe na sehemu inayofunguka kutoka ndani. Ukimwita fundi wako wa grili, Guangzhou au Gongo la Mboto, mwambie akate kijilango cha kupita mtu mzima kwenye dirisha moja la kila chumba cha kulala, kifungwe kwa komeo la ndani lililo mbali na mkono wa mtu wa nje. Kama lazima liwe kufuli, ufunguo utundikwe hapo hapo ukutani, pasipofikika kutoka dirishani, na leo kabla hamjalala mwonyeshe kila mtu wa nyumbani, mpaka mtoto, namna ya kukifungua gizani.