Njia ya Mtae haipimwi kwa kilomita

Kila mgeni anayeshuka Lushoto na baiskeli yake huanza na swali lile lile: hadi Mtae ni kilomita ngapi? Namwambia kama 60. Anapiga hesabu kichwani, mwendo wa saa nne hivi, chakula cha mchana tutakula huko huko. Simbishii. Alasiri nitamkuta mbele ya Lukozi, ameketi juu ya kalavati, anamenya ndizi, na habari ya kilomita haiulizi tena.

Milima ya Usambara Magharibi haianzi polepole. Imesimama juu ya nyika kama ukuta. Mombo, penye barabara kuu iendayo Moshi, ni mita 400 na ushei kutoka usawa wa bahari. Lushoto, kilomita 33 tu kwa lami, inakaribia mita 1,400. Ukigawanya, mpando huo una wastani wa asilimia 3, yaani kila ukienda mita 100 umepanda mita 3. Mtu mwenye subira anaumaliza. Lakini wastani huficha mengi, na ukishaiacha lami ndipo yanapojitokeza. Njia ya kwenda Lukozi, Sunga hadi Mtae inapanda kilima, inatumbukia bondeni kuvuka kijito, kisha inakudai upya urefu ule ule ulioutolea jasho dakika kumi zilizopita. Ndiyo maana sisi tunaopanga njia tunajumlisha mita zote za kupanda, hata zile ulizozipoteza ukishuka. Kilomita ni kwa ajili ya nauli.

Wajerumani walilijua hilo mapema. Reli ya kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na juu kule Shume kulikuwa na misitu ya miangati, mbao nzuri ajabu. Kuishusha kwa barabara kulishindikana kiuchumi, wakatandaza nyaya angani na magogo yakaning'inia juu ya magenge hadi kituo cha reli cha Mkumbara. Wewe huna waya. Una gia.

Tuseme wewe, baiskeli na mzigo wako mna kilo 90, na mbele yenu kuna mpando wa asilimia 10, wa kawaida kabisa huku. Kwenda kilomita 6 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka, kunadai nguvu ya wati kama 170. Mtu mwenye mazoezi anaweza. Sasa chukua baiskeli ya mzigo tuliyokua nayo, gia moja, meno 48 mbele na 20 nyuma: kila mzunguko wa padeli unaisogeza zaidi ya mita 5, kwa hiyo kwa mwendo ule mguu unazunguka mara 19 tu kwa dakika. Huko si kuendesha, ni kupanda ngazi kwa goti moja, na ndiyo sababu wenye baiskeli hizo wakifika mlimani hushuka na kusukuma. Weka meno 30 mbele na 42 nyuma, mzunguko mmoja unakuwa mita 1.6 hivi, mguu unazunguka zaidi ya mara 60 kwa dakika. Nguvu ni ile ile, goti linapona. Anayeniuliza anunue baiskeli gani namwambia aanze kuhesabu meno ya nyuma, rangi tutaiongelea baadaye.

Halafu kuna udongo. Ule wekundu unaopendeza kwenye picha unatokana na chuma kilichoshika kutu kwa miaka mingi ndani ya mfinyanzi. Ukiwa mkavu na umeshindiliwa, ni bora kuliko lami mbovu. Ukilowa, ni sabuni kwa nusu saa ya kwanza, kisha ni gundi. Nilishikwa na mvua ya Aprili siku moja, kwa ukaidi wangu tu, maana masika ya Machi hadi Mei si siri ya mtu. Matairi yalivaa tope mpaka yakagusa fremu, magurudumu yakagoma kabisa. Nikachukua kijiti nikaanza kukwangua. Mzee mmoja akapita na jembe begani.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Usisukume hiyo, unaizidishia. Ibebe.” Akaenda hatua mbili, akageuka. “Leo yenyewe ndiyo imekupanda wewe.”

Alikuwa sahihi kifundi pia: kila mzunguko kwenye tope unaokota tope zaidi. Panda pembeni penye majani, au ibebe.

Wakati wa kiangazi tabu hubadilika. Juni hadi Septemba njia ni ngumu, asubuhi kuna ukungu na baridi ya kutosha kuvaa glavu, na changarawe inajipanga matuta madogo madogo kama bati. Matuta hayo hayaletwi na mtu. Gurudumu likienda kasi linaruka kidogo kila likikutana na kinundu, linatua mbele, linasukuma kokoto, na gari linalofuata linatua pale pale. Magari yote yangekwenda polepole sana, matuta yasingetokea. Dawa yake ni upepo wa tairi. Tairi gumu likikuta jiwe linakunyanyua wewe mzima, na kukunyanyua ni kazi iliyopotea. Tairi laini linalimeza jiwe na mwili unabaki umetulia. Mtu wa kilo 75 mwenye matairi ya milimita 45 namjazia paundi 30 hadi 35, la mbele pungufu kidogo. Ukizidisha kupunguza, rimu itagonga jiwe na tyubu itachanika matundu mawili sambamba. Ukitaka kushuka hadi nyika ya Mkomazi, weka dawa ya kuziba matundu, maana kule kuna miba ya migunga.

Kushuka ndiko kunakoumiza watu zaidi ya kupanda. Kilo 90 zikiteremka mita 1,000 zinatoa nishati ya kuchemsha lita mbili na nusu za maji ya chai, na kile ambacho hewa haikukipunguza kinakwenda kwenye breki. Kwenye breki za zamani zinazobana rimu, joto hilo linaingia kwenye tairi. Langu lilipasuka kwenye kona, kwa kishindo kilichowatoa watu nje ya duka, kwa sababu nilikuwa nimeshikilia breki kidogo kidogo tangu juu, nikijiona mwangalifu. Kumbe ningevuta kwa nguvu kabla ya kona, kisha nikaachia kabisa, rimu ingepata nafasi ya kupoa. Hata diski zinapenda hivyo. Na kaa kushoto kwenye kila kona: Fuso iliyojaa kabichi haina uchaguzi, inachukua katikati.

Fuso hizo ndizo kipimo changu cha njia. Kabla ya kuwapeleka watu mbele nasimama Lukozi, kwa vijana wanaopakia kabichi na viazi, nauliza kama magari yamepita kutoka Sunga asubuhi. Yakiwa yamepita na mzigo, tunakwenda.

“Ya leo imeshashuka,” kijana aliniambia safari iliyopita. Nikaanza kuvaa glavu. “Ila ya jana imelala njiani, bado wanaichimbua.”

Nikavua glavu, tukaagiza chai.