Askari Aonekanavyo Kwenye Pazia la Sinema

Askari anapotazama sinema huona mambo ambayo raia hayaoni. Raia hutazama uso wa stelingi. Askari hutazama kidole cha stelingi kiko wapi juu ya bunduki. Raia husikia mlio tu. Askari huhesabu risasi, na bastola ile ile ikilia mara ya ishirini bila kubadilishwa magazini, humgusa mwenzake begani nao wakacheka kwa siri. Mara nyingi tumekaa pamoja na ndugu hawa katika vibanda vya video vya Kampala, tukasikia maoni yao yanayosemwa kwa sauti ya chini. Ndiyo maana twaona yafaa leo tuzungumze juu ya picha tatu za Kimarekani zilizotufikia katika miaka ya 2024 na 2025, zote zikiwa na polisi ndani yake: moja ya kuchekesha, moja ya kusisimua, na moja isiyojua iwe upande gani.

Tuanze na kicheko. Picha iitwayo The Naked Gun ya mwaka 2025, iliyoongozwa na Akiva Schaffer, imerithi jina la picha ya mwaka 1988 ambamo Leslie Nielsen alicheza Luteni Frank Drebin wa polisi ya Los Angeles, mtu aliyebomoa kila alichokigusa na asijue kwamba amebomoa. Nielsen alifariki mwaka 2010. Safari hii aliye kazini ni Drebin mdogo, mwanawe, naye amechezwa na Liam Neeson. Wengi wetu twamjua Neeson kwa picha ya Taken ya mwaka 2008, akiwa baba mkali anayemtafuta binti yake aliyetekwa Paris. Na hapo ndipo penye siri yote. Neeson hachekeshi hata kidogo! Anasema maneno ya kipuuzi kwa sauti ile ile nzito aliyokuwa akiwatishia majambazi, na uso wake hautikisiki. Nielsen naye, kabla ya kugeukia vichekesho mnamo mwaka 1980, alikuwa mchezaji wa picha za makini kwa miaka mingi. Mchekeshaji ajichekaye mwenyewe hutuchosha upesi.

Polisi watafurahishwa hasa na vitu vidogo vya kazi. Kila Drebin aendapo, mkono wa mtu humletea kikombe cha kahawa, kisha kingine, na kingine, wala hakuna aulizaye kahawa hiyo inatoka wapi. Halafu kuna ile kamera ya kifuani ambayo polisi wengi wa Marekani huvaa wakiwa kazini. Kamera ya Drebin inahifadhi mambo ambayo yeye angependa sana yasahaulike, hasa yale yaliyompata siku alipokula chakula kikamvuruga tumbo. Kibanda kizima kiliangua kicheko, na polisi waliokuwapo ndio waliocheka zaidi ya wote. Hadithi yenyewe ya tajiri mwovu na mtambo wake wa kuwapagawisha watu ni nyepesi kama karatasi, lakini picha haifiki saa moja na nusu, kwa hiyo haikupata nafasi ya kutuudhi.

Kwa kweli sisi wa Kampala hatuna haja ya kusafiri mbali kutafuta kicheko cha bunduki. Kitongojini Wakaliga, Nabwana Isaac alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa fedha ambazo mtengenezaji wa Hollywood angezimaliza kwa chakula cha mchana. Bunduki ziliundwa kwa vyuma chakavu, na helikopta zikatoka katika kompyuta. Kapteni Alex na askari wake wanawaandama majambazi wa kundi la Tiger, Kapteni anauawa mapema, na hadi picha inakwisha hatuambiwi nani aliyemwua! Juu ya hayo yote sauti ya mfasiri Emmie inapiga kelele kuwashangilia makomando. Watu wa nchi za mbali wameipenda mno picha hii, nasi hatuwashangai. Ndani yake askari ni shujaa wa mchezo wa watoto: anakufa, anaamka, anakwenda kunywa chai.

Picha ya pili ni Hit Man ya Richard Linklater, iliyoonyeshwa mara ya kwanza katika tamasha la Venice mwaka 2023 na kuenea ulimwenguni mwaka uliofuata. Glen Powell ni mwalimu wa chuo mjini New Orleans ambaye polisi humtumia ajifanye muuaji wa kukodiwa. Mtu atakaye kumwua mkewe au mshirika wake wa biashara huja na fedha, hueleza haja yake, na maneno yake hunaswa katika kinasa sauti. Kisa hiki kina mzizi wa kweli. Gary Johnson, aliyekuwa askari katika vita vya Vietnam, alifanya kazi ya namna hiyo huko Houston kwa miaka mingi, na watu waliofika kumkodi walitiwa mbaroni. Alifariki mwaka 2022, kabla picha haijaonyeshwa.

Nusu ya kwanza ni tamu sana, maana Powell anabadilisha nguo, meno na lafudhi kwa kila mteja, na mpelelezi yeyote ataona mtego unavyotegwa kwa subira. Lakini mwisho wake hatukuupenda. Gary Johnson wa kweli hakumwua mtu, na waliotengeneza picha wanakiri hivyo. Katika picha, hata hivyo, kinatokea kifo, maiti ni ya askari, na waliohusika wanaendelea kula raha katika nyumba nzuri. Tunajua kwamba askari yule alikuwa mla rushwa. Hata hivyo mtu aliyevutwa acheke kwa saa moja na nusu hana tena nafasi ya kuuliza kama kilichotendeka ni haki, na tunadhani mwongozaji alilijua jambo hilo.

Sasa tuje kwenye picha iliyotufanya tuandike makala haya. Rebel Ridge ya Jeremy Saulnier, ya mwaka 2024, inaanza na kijana Terry Richmond, aliyechezwa na Aaron Pierre, akiendesha baiskeli kuingia katika mji mdogo wa kusini mwa Marekani. Mfukoni ana dola 36,000, na sehemu yake ni ya kumwekea dhamana binamu yake aliye mahabusu. Polisi wanamgonga kwa gari, wanampekua, wanazitwaa fedha kwa kisingizio kwamba huenda ni za madawa ya kulevya, kisha wanamwacha aende zake. Msomaji asidhani hayo ni ndoto ya mwandishi. Sheria za Marekani zinaruhusu polisi kushika fedha wanazozitilia shaka hata kama mwenyewe hakushtakiwa kwa kosa lolote, na ni juu yake kwenda mahakamani kuzidai. Tuliposhuka katika kibanda siku ile hatukutarajia kuona shauri la sheria likisisimua kuliko mizinga.

Terry alikuwa askari wa Marini. Vita hakupata kuviona. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha wenzake kupigana kwa mikono. Polisi hawalijui hilo. Kuna kipande ambacho Terry amesimama nje ya kituo akizungumza kwa upole na mkuu wa polisi, aliyechezwa na Don Johnson, na wakati huo huo ndani ya kituo polisi mmoja wa kike anapekua katika kompyuta maana ya herufi alizoziona katika kumbukumbu za mtu huyu. Kompyuta ni ya polepole. Nje maneno yanazidi kuwa makali, ndani ukurasa haujafunguka. Anapofahamu ni nani aliyesimama pale nje, wenzake wamekwisha kuchelewa.

Yanayofuata ni ya haraka, na hayana damu. Terry anawaangusha, anawanyang'anya silaha zao, na hamwui yeyote. Katika picha nzima hamwui mtu, ingawa sababu za kuua anazo, na uwezo anao kuliko wote waliomzunguka. Mara ngapi tumeona hayo kwenye sinema? Tumezoea stelingi anayehesabiwa ushujaa kwa maiti alizoziacha nyuma. Yafaa tuseme pia kwamba si polisi wote wa mji ule waliochorwa kwa rangi moja: wamo wanaoona aibu, na wamo ambao mwishowe wanamwacha mkono mkuu wao.

Kosa lake ni kwamba katikati inapunguza mwendo, pale karatasi na kumbukumbu za mahakama zinapopekuliwa, na maelezo ni mengi kuliko yanayohitajika.

Siku tulipoitazama, kibanda kilijaa. Mbele walikaa askari wanne waliovaa nguo za kiraia, lakini kila mtu aliwajua. Kile kipande cha kituoni kilipofika, vijana wa nyuma walishangilia kila polisi aliyeanguka, na mfasiri akazidi kuwachochea kwa mizaha, mpaka maneno ya wachezaji yasisikike. Wale wa mbele hawakucheka, wala hawakukasirika. Kicheko kilipotulia, mkubwa wao, mtu wa makamo ambaye wenzake walimwita afande, aligeuka akamwomba mwenye kibanda akirudishe nyuma kile kipande.

"Nataka kuuona mkono wake," alisema. "Tazameni anavyoitwaa bastola."

Kikarudishwa. Safari hii mfasiri alinyamaza, na vijana wa nyuma walisimama juu ya mabenchi ili waone vizuri.