Daftari la Bei Zilizopita

Uislamu haukumzuilia mtu kutafuta mali, bali umemtaka ajue anunuacho na auzacho. Kwa hivyo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu khabari ya biashara moja ambayo vijana wetu sasa huitiwa kupitia simu zao.

Tarehe 26 Aprili 1973, katika mji wa Chicago, Marekani, lilifunguliwa soko la khiyari. Hapo hazikuuzwa hisa zenyewe, bali haki ya kuzinunua kwa bei iliyokatwa, kabla ya siku iliyowekwa. Lilianza na hisa za makampuni 16 tu.

Tutoe mfano. Mtu hulipa dola 200 apate haki ya kununua hisa 100 kwa dola 50 kila moja. Hisa ikifika dola 60, hufaidi dola 800 baada ya kutoa ada yake. Isipopita 50 mpaka muda ukaisha, dola zake 200 zimekwenda, hazirudi.

Soko hilo, liitwalo sasa Cboe, huuza pia hesabu za biashara iliyokwisha pita: bei za mikataba siku kwa siku, hata dakika kwa dakika. Mnunuzi huzitumia kuupima mpango wake: lau angaliufuata miaka ile, angalipata au angalikhasiri?

Daftari hilo halisemi uwongo; lakini lasema yaliyokuwa, halisemi yatakayokuwa. Mwaka 1997 Robert Merton na Myron Scholes walipewa zawadi ya Nobel kwa elimu ya kukadiria thamani ya khiyari. Wote wawili walikuwa washirika wa Long-Term Capital Management. Mwaka 1998 kampuni hiyo ilianguka, ikabidi mabenki na makampuni ya fedha 14 yatoe kiasi cha dola bilioni 3.6 kuinusuru.

Nasi tuna swali lililotangulia hilo: je, haki tupu yauzika? Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi, katika mkutano wake wa Jeddah mwaka 1992, iliamua kuwa mikataba hii haijuzu, kwani kiuzwacho si mali, wala si manufaa, wala si haki ya kimali ifaayo kubadilishwa. Wako wanazuoni, kama Mohammad Hashim Kamali, walioona vingine. Lakini kauli ya Majmaa ndiyo iliyofuatwa na wengi.

Basi kijana anayeonyeshwa faida za jana na aulize kwanza: biashara yenyewe ni halali? Kisha aulize: waliokhasiri wako wapi katika hesabu hizi? Wala wazazi wasimwachie dalali kuyajibu maswali hayo, kwani dalali hupata ujira wake, mteja akipata au akikosa.