Jina Moja, Viumbe Wengi: Nyangumi, Fulusi na Ndagala

Mtu anayetafsiri maandishi ya Kiingereza yahusuyo bahari hukutana mapema na neno blackfish, ambalo maana yake ya juujuu ni samaki mweusi. Akiridhika na maana hiyo atapotea. Kwa mabaharia na wawindaji wa nyangumi, neno hilo lilitaja wanyama ambao si samaki hata kidogo: nyangumi wadogo weusi wa jenasi Globicephala, pamoja na jamaa zao Pseudorca, Feresa na Peponocephala, na hata Orcinus orca, yule ambaye Waingereza humwita nyangumi muuaji ilhali kwa nasaba ni pomboo mkubwa kuliko wote. Hapo hapo, pwani ya mashariki ya Marekani, wavuvi huliita kwa jina hilo hilo samaki wa kweli, Tautoga onitis, na wengine humtaja kwalo Centropristis striata. Huko Alaska limepewa samaki mdogo wa maji baridi, Dallia pectoralis. Filamu iliyotolewa mwaka 2013 kwa jina hilo ilimhusu orca aliyefugwa bwawani. Atakayeiita kwa Kiswahili “Samaki Mweusi” atakuwa ametafsiri maneno na kumwacha mnyama nje.

Mfano wa neno dolphin una madhara zaidi, kwa sababu unaingia jikoni. Katika Kiingereza jina hilo ni la pomboo, mnyama anayepumua kwa mapafu na kunyonyesha. Lakini pia ni jina la Coryphaena hippurus, samaki wa rangi ya dhahabu na kijani ambaye Waswahili wa pwani humwita fulusi. Wauzaji wa vyakula wa Marekani walilazimika kulitumia jina la Kihawaii, mahi-mahi, ili wateja wao wasidhani kwamba wanaandaliwa nyama ya pomboo. Mswahili hakuhitaji kuazima kitu: kwake fulusi ni fulusi na pomboo ni pomboo. Mkanganyiko humjia pale tu anapofuata kamusi ya lugha mbili bila kuuliza ni kiumbe gani kinachosemwa.

Hii haina maana kwamba Kiswahili chenyewe kimesalimika. Neno nyangumi hukusanya viumbe wanaotofautiana sana. Nyangumi wa nundu, Megaptera novaeangliae, apitaye pwani ya Afrika Mashariki katika miezi ya baridi ya kusini, hana meno. Huchuja chakula chake kwa mabamba yaliyoning'inia kinywani. Kashaloti, Physeter macrocephalus, ana meno na huzama kilindini kutafuta ngisi. Wote wawili ni nyangumi. Vivyo hivyo pomboo: wale wanaofuatwa na watalii huko Kizimkazi, Unguja, ni wa spishi mbili, Tursiops aduncus na Sousa plumbea, lakini jina ni moja.

Kwa msemaji wa Bukavu au wa Lubumbashi, ambaye bahari iko mbali naye, nyangumi si kiumbe alichokiona bali ni neno alilolipokea kanisani na shuleni. Na huko kanisani lilimfikia likiwa tayari na utata. Katika Biblia ya Kiswahili ya Union, kitabu cha Yona husema juu ya samaki mkubwa, na Injili ya Matayo, sura ya 12, ikikumbusha kisa hicho hicho, humtaja nyangumi. Watafsiri hawakubuni tofauti hiyo wenyewe. Kiebrania kina maneno mawili ya kawaida, samaki na mkubwa. Kigiriki kina kētos, jina la dubwana lolote la baharini, ambalo baadaye wanasayansi walilichukua kuunda jina Cetacea, yaani kundi zima la nyangumi na pomboo. Kiarabu nacho kina hut: katika Kurani ndiye aliyemmeza Yunus, katika Kiarabu sanifu cha leo ni nyangumi, katika lahaja za Maghreb ni samaki yeyote anayeuzwa sokoni.

Kuwalaumu wazee wa kale kwa kumwita nyangumi samaki ni kuwaonea. Linnaeus mwenyewe alimweka miongoni mwa samaki katika toleo la kwanza la Systema Naturae mwaka 1735, na ni katika toleo la kumi, mwaka 1758, alipomhamishia kwa mamalia. Hoja zake zilikuwa za mwili: mapafu badala ya matamvua, damu moto, uzazi na unyonyeshaji. Mvuvi ana hoja nyingine. Kwake samaki ni kile kinachoishi majini na kuogelea kwa mkia, na haoni haja ya kuuchunguza mkia huo kama unapigwa juu na chini, kama wa nyangumi, au kando kwa kando, kama wa samaki.

Wakati mwingine mvuvi huona vizuri kuliko mtafsiri. Papa mkubwa kuliko samaki wote duniani, Rhincodon typus, huitwa na Waingereza papa-nyangumi kwa sababu ya ukubwa wake. Watu wa Mafia humwita potwe. Huko Kenya huitwa papa shilingi, kwa ajili ya madoa meupe yaliyotapakaa mgongoni kama sarafu. Majina hayo mawili hayamchanganyi na kiumbe kingine chochote. Siku hizi maandishi ya utalii na ya uhifadhi yameleta “papa nyangumi”, na hivyo msomaji aliyekuwa hana shaka amepewa shaka.

Lakini kwa Kongo jambo lenye uzito zaidi liko ziwani. Ndagala wa Ziwa Tanganyika, ambao ng'ambo ya Kigoma huitwa dagaa, si aina moja. Ni Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, wote wa jamii ya Clupeidae, ambamo mna sardini pia. Huvuliwa usiku kwa taa, hasa mwezi usipokuwepo, wakaanikwa pamoja na kuuzwa katika gunia moja. Hata hivyo maisha yao yanatofautiana. Wa kwanza ni mdogo na maisha yake mengi hupita mbali na ufuko. Wa pili hukua zaidi na hutegemea sana maji ya kandokando. Limnothrissa ndiye aliyepandikizwa katika Ziwa Kivu mwaka 1959, na huko akapata jina la sambaza. Katika bwawa la Kariba akaitwa kapenta. Kumbe huyo wa sambaza na nusu ya ndagala ni ndugu wa damu, ilhali dagaa wa Mwanza, Rastrineobola argentea, yuko mbali kinasaba, karibu zaidi na ningu kuliko na sardini. Unguja nako dagaa mchele ni jamii nyingine tena.

Jina dagaa, basi, halitaji spishi. Linataja umbo, ukubwa, namna ya kuvua, namna ya kukausha na namna ya kula. Kwa mama anayepika, hiyo ndiyo maana iliyo kamili. Kwa afisa anayeandika hesabu ya mavuno, haitoshi: kilo zilizoandikwa “ndagala” zinaweza kuficha upungufu wa spishi moja nyuma ya wingi wa nyingine, na mara nyingi zinachanganyika na watoto wa Lates stappersii walionaswa katika wavu huo huo.

Huyo Lates naye anageuza tatizo kichwa chini. Ni samaki mmoja, lakini Bujumbura ni mukeke, Kigoma ni mgebuka, Kalemie ni mikebuka, na upande wa Zambia ni bukabuka. Nchi nne zilizotia sahihi mkataba wa ziwa mwaka 2003 zinamvua kwa majina manne. Wala jina la kisayansi si mwamba usiotikisika, maana hadi miaka ya 1970 vitabu vilimwita Luciolates.

Kamusi nyingi za Kiswahili bado hutosheka kuandika “aina ya samaki mdogo” au “mnyama mkubwa wa baharini”, kisha zikapita. Kazi ya mwanafunzi wa leksikografia anayetumwa Uvira au Moba ingekuwa kuandika, kando ya kila jina, mahali lilipotajwa, wavu uliotumika na ukubwa wa samaki aliyeonyeshwa, na kumchukua samaki mwenyewe katika chupa ya formalini hadi kwa mtu wa zoolojia.